Ushahidi wa Barafu

Katika mdahalo wa muhula uliopita, uliofanyika bwaloni, hoja ilikuwa kwamba binadamu ndiye aliyeharibu tabia ya nchi. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Mwenzetu mmoja wa upande wa kupinga alisimama akauliza swali hili: "Kama dunia imekuwa ikipata joto na baridi kwa zamu tangu kabla ya magari na viwanda, ni nani aliyekuwa akichoma mafuta wakati huo?" Alipigiwa makofi mengi, na upande wetu ukashindwa. Sikuwa na jibu. Basi wakati wa likizo nilisoma habari za jambo hili, na niliporudi nikaendelea katika saa za maktaba. Naona vema niwaeleze wasomaji wa gazeti letu niliyoyapata, maana mwenzetu yule alisema kweli, ila hakuimaliza.

Shahidi ayajuaye mambo hayo ya kale ni barafu ya kwenye ncha za dunia. Huko Greenland, karibu na Ncha ya Kaskazini, na katika bara la Antaktika lililoizunguka Ncha ya Kusini, sehemu za ndani ni baridi hata theluji ikianguka haiyeyuki. Theluji ya mwaka huu huifunika ya mwaka jana, na ya mwaka ujao itaifunika hii, nayo iliyo chini hugandamizwa na uzito wa iliyo juu mpaka ikawa barafu ngumu. Imekuwa hivyo kwa maelfu na malaki ya miaka. Mahali pengine Antaktika barafu hiyo ina unene upitao kilometa tatu, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari.

Wengi wetu tumewaona makarani wa ghala wakikagua mahindi au kahawa. Karani hafungui gunia. Hulichoma kwa bambo, akatoa punje za ndani kabisa, akajua kama juu kumewekwa nzuri na chini mbovu. Wataalamu wa barafu hufanya vivyo hivyo, ila bambo lao ni keekee kubwa yenye uwazi katikati. Keekee huzunguka ikikata pembeni, na ndani yake hubaki mchi wa barafu, mfano wa mchi wa kutwangia, unene wake kama sentimita kumi. Mchi huo huvutwa juu kipande baada ya kipande, kila kimoja mita mbili au tatu, hutiwa namba ili juu na chini visichanganywe, kisha huhifadhiwa katika vyumba vya baridi kali. Shimo lenyewe lazima lijazwe kioevu kisichoganda, kwa sababu barafu ya chini hubanwa mno, na shimo tupu lingejifumba lenyewe na kuikamata keekee. Kazi ya shimo moja refu huchukua miaka mingi, maana huko hufanyika kazi ya kuchimba wakati wa kiangazi chao tu.

Sasa msomaji atauliza: barafu ni maji tu, yawezaje kusema kama zamani kulikuwa na joto au baridi? Jibu lake lilianza na chupa ya bia. Mwezi wa Juni mwaka 1952, mtaalamu mmoja wa Denmark, Willi Dansgaard, aliona mvua kubwa ikinyesha mjini Copenhagen. Akaitoa nje chupa tupu ya bia, akaitia faneli mdomoni, akaisimamisha bustanini kwake. Mvua ilipokuwa ikiendelea akakusanya maji yake mara kwa mara, kisha akayapima katika mashine ya kupimia uzito wa atomu. Akakuta kwamba maji ya mvua hayakuwa na uzito mmoja tangu mwanzo hata mwisho.

Sababu yake ni hii. Atomu za oksijeni hazilingani zote. Karibu moja katika kila mia tano ni nzito kuliko nyingine. Maji yenye atomu hiyo nzito ni mazito kidogo, hivyo huchelewa kuwa mvuke na hutangulia kudondoka. Wingu linalotoka kwenye bahari ya joto kuelekea kwenye ncha humwaga maji njiani, na mazito hutangulia kuliacha. Kadiri hewa ilivyo baridi ndivyo wingu linavyokuwa limemwaga zaidi kabla ya kufika, na theluji ya mwisho huwa na maji mazito machache. Kwa hiyo theluji yenye maji mazito machache ni ya wakati wa baridi, na yenye mengi zaidi ni ya wakati wa joto. Mwaka 1954 Dansgaard aliandika kwamba barafu ya kale ya Greenland ingeweza kupimwa hivyo, na tabia ya nchi ya zamani ikajulikana. Lakini hakuwa na barafu yenyewe ya chini.

Waliomchimbia ni wanajeshi. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilianza kujenga kambi ndani ya barafu ya Greenland, iliyoitwa Camp Century, yenye mahandaki, mabweni, na baadaye mtambo mdogo wa nguvu za atomu. Kwa nje ilisemekana kuwa ni kambi ya uchunguzi, lakini nia ya siri ilikuwa kutafuta njia ya kuficha makombora chini ya barafu. Mpango wa makombora haukufaulu, kwa kuwa barafu haitulii. Husogea na kuyabana mahandaki. Uchunguzi ndio uliofaulu. Mwaka 1966 keekee yao ilifika kwenye ardhi, kina cha karibu mita 1,390. Dansgaard akaomba vipande vya mchi huo, akavipima, na mwaka 1969 yeye na wenzake wakatangaza habari za karibu miaka laki moja. Kambi yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa mahame.

Miaka ya barafu ya Greenland huhesabika kama miviringo ya mti uliokatwa, maana theluji huko ni nyingi na ya kiangazi hutofautiana na ya kipupwe. Wamehesabu hivyo, tabaka kwa tabaka, kufikia karibu miaka 60,000. Tena zipo alama za kuwasahihisha: asidi ya volkano ya Laki ya mwaka 1783 na ya Tambora ya mwaka 1815, moshi wa risasi iliyoyeyushwa na Warumi, hata vumbi la mabomu ya atomu yaliyojaribiwa katika miaka ya 1950 na 1960. Hakuna lililoanguka likasahauliwa.

Katika barafu hiyo ya Greenland lipo jambo moja linalotisha. Wakati wa kipindi kirefu cha baridi kilichopita, joto la huko liliruka ghafula mara zipatazo 25, kila mara kwa nyuzi nane mpaka kumi na sita za Sentigredi, na mruko wenyewe ulichukua makumi machache ya miaka tu. Yaani mtu angaliweza kuzaliwa katika hali moja ya dunia na kuzeeka katika nyingine. Wataalamu wengi hudhani sababu ilikuwa kubadilika kwa mikondo ya Bahari ya Atlantiki.

Naona pombe itaingia mara ya pili katika habari hii, walimu waniwie radhi. Mwaka 1965 Mfaransa Claude Lorius, akiwa Antaktika jioni na wenzake baada ya kazi, alitia vipande vya barafu waliyoichimba katika bilauri ya wiski. Barafu ilipoyeyuka ikatoa viputo vilivyopasuka kwa sauti. Wengine wangekunywa tu. Yeye akafikiri kwamba hewa ile iliyokuwa ikitoka ilifungwa humo zamani sana, na kwamba yeyote angeweza kuikamata na kuipima angeipima hewa ya kale yenyewe.

Hapo ndipo barafu inapopita mashahidi wengine wote. Matope ya bahari na mabaki ya mimea hutueleza joto na mvua kwa mafumbo, lakini kiputo ni hewa ileile waliyoivuta viumbe wa wakati ule. Theluji mpya ina nafasi nyingi ndani yake. Ikishafunikwa kina cha mita sitini hata mia hivi, nafasi hizo huzibika, na hewa haitoki tena. Wataalamu huivunja barafu ndani ya chombo kisicho na hewa, viputo vikatoa vilivyomo, wakapima kiasi cha hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, na cha methani.

Michi mirefu ilitoka Antaktika. Katika kituo cha Warusi kiitwacho Vostok, ambako tarehe 21 Julai, 1983, kipimajoto kilionyesha nyuzi 89.2 chini ya sifuri, Warusi, Wafaransa na Wamarekani walifanya kazi pamoja hata katika miaka ambayo serikali zao zilikuwa zikitazamana kwa chuki. Keekee yao ilifika mita 3,623, na mwaka 1999 walitangaza habari za miaka 420,000. Halafu mataifa kumi ya Ulaya yakachimba mahali paitwapo Dome C, wakamaliza mwishoni mwa mwaka 2004 kwenye kina cha karibu mita 3,270, nao wakapata miaka 800,000. Huko theluji ya mwaka mzima ikiyeyushwa haitoi hata sentimita tatu za maji, ndiyo sababu miaka mingi sana imeshonana katika mchi mmoja. Kwa kuwa matabaka yake ni membamba mno kuhesabika, umri wake hupatikana kwa hesabu za mwendo wa barafu na kwa zile alama za volkano.

Ukiutazama mchoro wa Dome C utaona milima na mabonde. Kuna vipindi vinane vya baridi kali na kupata joto. Katika vipindi vinne au vitano vya mwisho mwendo ni karibu uleule: baridi huingia polepole kwa makumi ya maelfu ya miaka, kisha joto hurudi upesi kwa miaka elfu chache, hukaa kwa muda, halafu baridi huanza tena. Tofauti ya joto huko Antaktika ni kama nyuzi kumi. Mstari wa hewa ya ukaa hupanda na kushuka pamoja nao: katika baridi sehemu 180 hivi kwa kila sehemu milioni moja za hewa, katika joto kama 280. Katika miaka yote hiyo 800,000 haukuvuka 300.

Basi mwenzetu alikuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa akichoma mafuta. Hakuna aliyechoma. Jibu lilitolewa kabla barafu haijachimbwa, na Mserbia mmoja aitwaye Milutin Milankovitch, mtaalamu wa hesabu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikamatwa na serikali ya Austria na Hungaria, akazuiliwa asirudi kwao. Lakini alipewa ruhusa ya kusoma katika maktaba mjini Budapest, akaitumia miaka ya kifungo hicho kukokotoa. Alionyesha kwamba mwendo wa dunia haufanani siku zote. Njia yake ya kulizunguka jua huwa karibu duara, kisha huvutika kidogo, kisha hurudi, kwa miaka kama 100,000. Mhimili wake huinama zaidi au kidogo, kati ya nyuzi 22.1 na 24.5, kwa miaka kama 41,000. Tena huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, na hivyo kuyabadilisha majira ambayo dunia huwa karibu na jua, kwa muda wa miaka kama 23,000.

Mambo haya hayalipunguzii jua nguvu zake. Huzigawa tu kwa namna nyingine. Milankovitch aliona kwamba la kuangaliwa ni kiangazi cha nchi za kaskazini ya mbali. Kiangazi hicho kikiwa hafifu, theluji ya kipupwe haiishi, nayo hulimbikizana mwaka hata mwaka. Na kwa kuwa ni nyeupe hurudisha mwanga angani na kuzidisha baridi. Alikufa mwaka 1958, na wengi hawakumsadiki. Mwaka 1976 matope ya chini ya bahari yalionyesha hesabu zake ni za kweli, na barafu ikathibitisha.

Wala mambo haya hayakuishia kwenye ncha. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu hata bahari ilishuka kama mita 120. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Mlango wa bahari kati yake na Bara ni wa kina kidogo, na mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Bali Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina kirefu, ilibaki kisiwa. Ziwa Viktoria nalo lilikauka, yapata miaka 16,000 iliyopita, kisha likajaa tena mvua ziliporudi. Kurudi kwa mvua hizo kumeandikwa pia katika barafu, maana mabwawa ya nchi za joto hutoa methani, na methani ya viputo iliongezeka mabwawa yalipojaa.

Lipo neno jingine ambalo mwenzetu hakulisema, na lingalitushinda zaidi. Wataalamu wa kwanza waliopima Vostok waliona kwamba mwishoni mwa vipindi vya baridi joto lilionekana kuanza kupanda mbele, na hewa ya ukaa ikafuata baada ya mamia ya miaka. Mpinzani atasema basi hewa ya ukaa ni mtoto wa joto, si mzazi wake. Ni swali la haki. Kwanza, kulinganisha huko ni kugumu: viputo huzibika kina kirefu, kwa hiyo hewa iliyomo ni changa kuliko barafu inayoizunguka, na mahali penye theluji haba tofauti yake hufika miaka elfu kadhaa. Mwaka 2013, kwa kupima vizuri zaidi, wataalamu walionyesha kwamba mwishoni mwa kipindi cha baridi cha mwisho vitu hivyo viwili vilipanda huko Antaktika karibu kwa pamoja. Pili, hata kama joto lilitangulia, jambo hilo halishangazi. Jua huanzisha, bahari ikipata joto hutoa hewa ya ukaa, kama soda iliyoachwa juani, nayo hewa hiyo huzuia joto lisitoke, na dunia nzima ikazidi kupata joto. Mabadiliko ya jua peke yake ni madogo mno kuyeyusha barafu yote ile. Mzazi na mtoto walisaidiana kazi.

Sasa tuje kwenye wakati wetu. Katika sehemu za Antaktika zilizo karibu na bahari theluji ni nyingi, na viputo vyake hutoa habari za karne za karibuni bila kuchanganyika sana. Huko, mahali paitwapo Law Dome, twaona hewa ya ukaa ikikaa karibu na 280 kwa muda mrefu, mpaka miaka ya 1700 ilipokuwa ikiishia. Kisha mstari unaanza kupanda. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alianza kuipima hewa yenyewe juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, akapata kama 315, nacho kipimo chake kiliungana vizuri na cha viputo. Siku hizi imepita 420. Mwishoni mwa kipindi cha baridi cha mwisho, kupanda kwa sehemu kama 80 kulichukua miaka elfu sita au saba. Sisi tumeongeza zaidi ya 100 tangu babu zetu walipokuwa vijana.

Na alama ya mhalifu ipo. Kaboni nayo, kama oksijeni, ina atomu nyepesi na nzito, na mimea huzipenda nyepesi. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya mimea na viumbe vya kale, kwa hiyo moshi wake una kaboni nyepesi zaidi. Katika viputo vya miaka mia mbili hivi iliyopita kaboni inazidi kuwa nyepesi, sawasawa na inavyopasa kuwa ikiwa kinachochomwa ni makaa na petroli. Tena kwa hesabu za Milankovitch kiangazi cha kaskazini kimekuwa kikipungua jua kwa maelfu ya miaka. Kama mambo yangaliachwa kwa jua peke yake, tungekuwa tukipoa polepole.

Nasi tulikuwa na kitabu chetu wenyewe. Mwaka 2000 Mmarekani Lonnie Thompson na wenzake walipanda Kibo, wakachimba michi sita katika barafu ya kilele. Walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka zaidi ya 11,000, ingawa wengine wameubishia umri huo. Tangu mwaka 1912, barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa, zaidi ya asilimia 80 yake imetoweka. Haifai kuutupia moshi wa magari lawama yote. Wapo wataalamu waonao kwamba ukame wa hewa ya mlimani, ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, ndio uliotangulia kuila. Lakini kurasa zilizoyeyuka hazisomeki tena, hata ziwe ziliyeyushwa na nini.

Kabla ya kuyapeleka maandishi haya kwa mhariri nilimpa yule mwenzetu ayasome. Aliyasoma kitandani kwake mpaka taa za bweni zikazimwa, na asubuhi akanijia na swali jingine: hesabu za Milankovitch hazibadiliki, basi mbona umesema vipindi vya mwisho ndivyo vinavyofanana? Kabla ya hapo vilikuwaje? Tulitafuta pamoja. Kumbe matope ya bahari yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka milioni moja iliyopita baridi na joto vilipokezana kila miaka 41,000, kisha vikageuka kufuata ile 100,000, na sababu haijulikani hata leo. Kwa ajili ya swali hilohilo wataalamu wa Ulaya walikwenda kuchimba tena, makumi machache ya kilometa kutoka Dome C. Mwezi wa Januari, 2025, walitangaza kwamba wameufikia mwamba kwenye kina cha mita 2,800, wakiwa na barafu yenye miaka zaidi ya 1,200,000. Michi hiyo imepelekwa Ulaya ikiwa imegandishwa, na viputo vyake hupimwa huko kipande kwa kipande.